Baba Yuko Buffalo

Jumatano, 15 Oktoba 2025 — Beechmont, Louisville

Kesho safari. Nguo nimekunja, nimekunjua, nimekunja tena. Binti yangu Nadine kasema, Mom, relax. Rahisi kwake — babake anakoroma chumba cha pili! Wangu wanajeshi walimchukua Burundi 1972, hakurudi, mimi bado mgongoni kwa mama. Sura yake siijui. Sasa Nadine kagundua kwenye intaneti picha ya makatekista, walimu wa dini wa misheni yetu — baba alikuwa mmoja wao — iko maktaba ya chuo kikuu cha zamani, Buffalo. Kwenye simu nyuso ni ukungu mtupu. Picha yenyewe huonyeshwa kwa miadi. Na aliyebaki wa kumtambua baba ni dada Fides peke yake.

Alhamisi, 16 Oktoba — Linden, Columbus

Tumelala kwa Fides. Ugomvi tayari! Kapika pombe ya ndizi, kaijaza chupa ya soda. Kwa mzazi hatuendi mikono mitupu, anasema. Nikamwambia dada, ni maktaba, na baba ni picha. Akanikata jicho. Halafu amri: yeye mkubwa, yeye atamtaja. Mimi nifunge mdomo mpaka amalize. Tutamjua kwa mwanya wa meno — wimbo wake tangu tuko kambi ya wakimbizi Tanzania. Nampenda, lakini ananichosha.

Ijumaa, 17 Oktoba — Buffalo

Chuo hiki! Ngazi za mawe zimelika katikati kwa miguu ya watu. Vitabu vya kale vimelala ndani ya vioo, kimoja kurasa zake ni ngozi. Siku nyingine ningeshangaa mpaka jioni. Leo navipita tu.

Mlinzi kakataa chupa. Fides kakataa kuiachia — basi haingii! Nadine kabembeleza huku na huku, mwisho ikafungiwa kabatini, ufunguo kapewa Fides. Nusu ya muda wetu imeishia mlangoni.

Sasa tumo ndani. Kalamu marufuku, naandika kwa penseli yao. Mkutubi kaiweka picha mezani taratibu, kama analaza mtoto. Wanaume tisa mbele ya kanisa. Nyuma hakuna jina hata moja. Na hakuna aliyecheka! Midomo yote imefumbwa.

Fides kaiinamia picha. Kidole kinapita juu ya nyuso bila kugusa, kinarudi mwanzo. Nilikuwa na miaka sita tu, kaninong'oneza. Naogopa.

Wa tatu kutoka kushoto ana masikio yangu. Haya haya yaliyochomoza, niliyochekwa shule nzima! Sijasema. Mkubwa hajasema.

Mkutubi anatazama saa. Karibu wanafunga.

Kidole kinaanza tena. Wa kwanza. Wa pili. Kimefika kwake —

Kimempita.