Fisi-maji Niliowaua Uvira

Jumamosi, Vickery, huku ughaibuni

Mnyama mchafu, mwizi, na leo watu wa nyumbani wamempigia makofi kwenye sebule yangu.

Mjukuu wangu Neema alikuwa anajaribisha maneno atakayosema shuleni Jumatatu mbele ya wazazi. Ni habari za fisi-maji wa baharini. Anasema wanakula vile vidude vya miiba vinavyotafuna mwani. Fisi-maji wakiuawa, vidude vinazidi, msitu wa mwani unaisha, na samaki wadogo hawana tena pa kujificha.

Kwenye picha huyo mnyama amelala chali juu ya maji, kaa tumboni, anakula kama mfalme. Kinyaa kikanishika. Nikasema, "Mimi hao nimewaua kumi na watatu kule ziwani Uvira! Walikuwa wanachana nyavu zangu. Hakuna mvuvi aliyenifikia."

"Papa, nyamaza," binti yangu akasema.

"Ninyamaze kwangu? Hata ngozi zao niliuza!"

Neema akafunga kompyuta. "Koko, don't come Monday." Hata mimi Kiingereza hicho nilikielewa: babu asije Jumatatu.

Nikamwambia ziwa letu si bahari, na fisi-maji wa kwetu anakula samaki wa watu. Ni kweli tupu. Akabeba kompyuta yake akaingia chumbani.

Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kusimama mbele ya Wazungu aseme. Na koti langu la kwenda kumsikiliza nimeshalipiga pasi.

Kesho nitamwambia nilijisifu tu, sikuua hata mmoja. Mimi, kujiita mwongo kwa ajili ya mnyama yule! Inanitapisha. Lakini Jumatatu nitakaa kiti cha mbele.