Mama, Ulimtuma Kaka Akaombe Radhi

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaingia wodini.

Mimi kitinda mimba wako ndiye niliyeachiwa kalamu. Kaka amekataa katakata. Anasema kwa hati yake ile, hata huko uliko ungempa sifuri.

Miaka thelathini na mmoja ulifundisha darasa la tatu kuandika. Wanafunzi walikuita Mwalimu Nukta, maana sentensi isiyo na nukta hukuisahihisha. Nje ya darasa nako hukupumzika. Fundi mabango alipoandika "Tunaziba pancha apa", ulimpandisha tena ngazini. "Mwanangu, hiyo hapa yako imeng'oka jino," ulimwambia, ukasimama juani kumshikia ngazi mpaka herufi ikarudi mahali pake.

Kisha uvimbe ukaota kooni. Walikupasua, wakakuwekea mrija shingoni wa kupumulia, sauti ikaondoka. Uliomba daftari na kalamu nyekundu. Daktari alipokuandikia dawa, ulimpa mbili kwa kumi, na chini yake: "Jitahidi." Alicheka mpaka akaegemea kitanda. Tangu hapo akawa anaandika kwa herufi kubwa.

Asubuhi moja Kaka alikukuta bandeji ya shingoni imelowa. Muuguzi alikuwa mmoja tu, yule mfupi mwenye sauti ya chini, aliyezoea kukusimulia vituko vya wanawe huku akikugeuza ubavu.

"Nisubiri kidogo, kaka yangu, nakuja."

Kaka akapandwa na mori. "Nisubiri nini? Mama yangu ni gunia? Kwani hapa mnafanya kazi gani?"

Muuguzi alikuja baada ya muda, akabadilisha bandeji, akakufuta shingo taratibu, akaenda zake.

Ukavuta daftari. "Kamwombe radhi."

"Mama, si nilikuwa nakutetea wewe!"

"Sikukutuma." Ukageukia ukutani.

Kesho yake alikuja, hukumtazama. Keshokutwa vilevile. Ah, Mama, na ukaidi wako! Daktari alikuwa ameshatuambia siku zako si nyingi, nasi tuliogopa utaondoka hamsemezani. Siku ya tatu Kaka akamfuata muuguzi mezani kwake. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Dada, nilikukosea. Nisamehe."

"Yameisha," alisema. "Siku ile nilikuwa nimetoka kumfumba macho mgonjwa wa kitanda cha mwisho. Nilitaka ninawe uso kwanza, nisimwendee mama na machozi."

Kaka, na miraba minne yake yote, alikaa kwenye benchi akajiinamia. Alipoinuka alisema, "Nifundishe kumsafishia huo mrija."

Akamfundisha: kunawa hadi viwikoni, kuvaa glovu, kutoharakisha. Mikono iliyozoea kubeba mifuko ya saruji ikajifunza wepesi. Kwa wiki tano zilizobaki hakukosa hata siku moja, na wewe ulimpa nane kwa kumi.

"Mbona si kumi, Mama?"

Ukaandika, "Kumi ni ya mwalimu wako." Ukamshika shavu, na muuguzi akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Ulipokata roho Kaka alikuwa amekushika mkono. Zamu ya muuguzi ilikuwa imekwisha, lakini hakuondoka. Alikuchana nywele, akakufunika vizuri, akakaa nawe mpaka sote tukafika.

Mazikoni alikuja na sare yake ya kazi, akasimama nyuma kabisa, karibu na majirani. Mama mdogo akanong'ona, "Yule ni nani?" Kaka alikwenda moja kwa moja, akamshika mkono, akamleta mbele, akamsimamisha kati yetu sisi wanao.

Kwenu madaktari, wauguzi, wafagiaji na wapishi wa wodi ile, tulichelewa kusema. Ahsanteni sana.

Mama, unakumbukwa na mwanao mkubwa. Na mimi mwanao wa mwisho. Na mdogo wako. Na mkweo, ambaye bado anakuogopa. Na wajukuu zako sita. Na walimu wenzako. Na binti yako wa wodini, aliyetuomba tusimtaje jina.

Siku zote tutakukumbuka.