Nani Aanze Kupiga Simu

Ifakara, 7 Juni 2025

Dada Yosefina,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: natunga riwaya. Haya, sasa shikamoo. Shemeji na mapacha hawajambo?

Nimejaza madaftari mawili. Marais wawili wana mabomu ya nyuklia. Kila mmoja anataka wazungumze, ila hakuna anayekubali kuanza kupiga simu. Shuleni tunafundishwa kwa Kiingereza, lakini vita hii ilinijia kwa Kiswahili, kwa sauti ya Baba.

Unajua ng'ombe wa Mzee Seni waliingia kwenye mpunga wetu, Baba akamkata ndama panga. Tangu hapo wakikutana njiani kila mmoja anatazama upande wake. Baba anasema, "Mkosaji ndiye anayeanza kusalimu." Mzee Seni naye anasema hivyo hivyo. Sasa vijana wa pande zote wanachonga fimbo.

Kinachoniuma ni hiki. Bomu likilipuka huko kwa marais hao, moshi utafunika jua na mpunga wetu utabaki makapi. Nani alituuliza?

Nakutumia kurasa tano. Zisome peke yako.

Mdogo wako,
Violeth

Malinyi, 15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama, mapacha tu wana mafua. Dereva wa basi kaifikisha bahasha, inanuka dagaa.

Nilicheka, kisha nikaogopa. Vita ya nyuklia utaijulia wapi wewe, kuku akichinjwa tu unafumba macho? Na huyo rais anayechokonoa meno kwa njiti ya kiberiti huku akihesabu mabomu ni Baba mtupu. Mfute. Akijiona humo, shule utaisikia redioni. Andika mapenzi, watu wanapenda.

Dada yako

Ifakara, 22 Juni

Dada,

Shikamoo. Mapacha wamepona?

Sikumfuta. Mapenzi ya nani niandike? Watu wazima wanachonga fimbo, halafu mimi ndiye wa kuambiwa nifiche kalamu.

Jana Baba alilikuta daftari la kwanza, akadhani ni la historia. Alisoma mpaka wali ukapoa. Nikawa nasubiri kipigo. Akasema, "Hawa marais wapumbavu. Mtu mzima anashindwa kunyanyua simu, watoto wa wenzake waungue?"

Hakujiona, dada. Leo baada ya misa kamsimulia katekista, tena kwa hasira. Kurudi nyumbani ananiuliza, "La mwisho liko wapi? Huyu mjinga anapiga au hapigi?" Anauliza hivyo fimbo zimeegemezwa nyuma yake ukutani. Kesho asubuhi ndiyo wamepanga kukutana na kina Seni shambani.

Nimemaliza ukurasa wa mwisho sasa hivi. Hakupiga. Na yale majina ya Kizungu niliyowapa marais nimeyakata yote. Mmoja sasa anaitwa Seni. Mwingine anaitwa Leodegar, jina la Baba, kamili kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo.

Nasikia ndala zake uani, anakuja mlangoni. Nimeliacha daftari wazi mezani. Kalamu siifichi.

Mdogo wako