Kipanya Chini ya Daftari

Shangazi wa ukurasa huu, nakuandikia kwa haraka, na ukinijibu Ijumaa hii utakuwa umeniokoa, maana Jumatano inayofuata ndiyo siku yangu ya kuumbuka.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na mwanzoni mwa muhula shule yetu ilipata ule ubao mkubwa wa kidijitali, unaoguswa kwa kidole kama simu, ukafungwa maabara, na kwa kuwa nilihudhuria mafunzo ya wiki moja mkuu wa shule akanipa kazi ya kuwasaidia walimu wenzangu wa sayansi kuutumia. Wa Fizikia alishika kwa siku mbili tu, akaanza hata kujidai. Shida ni wa Kemia, Shangazi, na huyu si mwenzangu hivihivi, huyu ndiye aliyenifundisha mimi Kemia nikiwa na miaka kumi na tano, ndiye aliyenipa kiberiti niwashe kichomeo cha gesi siku ninatetemeka na darasa zima linanicheka, akaenda kusimama dirishani akasema tutangoja, na tukangoja kweli mpaka nikawasha, sasa mtu kama huyo mimi namwambiaje kwamba hajui?

Siku yake ya kwanza aligusa ubao, haukuitika, akagusa tena, akaubonyeza kwa nguvu kama kengele ya mlango, picha zikaruka huku na huko, akachukua dasta akaanza kuzifuta, wanafunzi wakaangua kicheko, na mimi nikaona kidole chake kinatetemeka. Nilikuwa nimekaa nyuma na kipanya kisicho na waya. Alipogusa mara nyingine nikabonyeza mimi, ubao ukatii, darasa likanyamaza, naye akatabasamu, na nadhani kwa dakika nzima aliamini ni yeye. Kisha akageuka, akaona mkono wangu ulipo. Akavua miwani, akaifuta, akaendelea kufundisha. Kipindi kilipoisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, mwanangu. Tuendelee hivihivi tu, usijisumbue."

Basi tumeendelea wiki tisa. Kila kipindi chake naingia kama msaidizi, kipanya kiko chini ya daftari, yeye anagusa kwa madaha, mimi nabonyeza, akikohoa napeleka mbele, akisema "turudi kidogo" narudisha. Juzi mafua yalimbana kwelikweli, akakohoa mfululizo, na mimi kwa woga nikapeleka kurasa sita, tukatoka kwenye asidi tukatua kwenye kazi ya nyumbani, naye bila kupepesa macho akawaambia wanafunzi, "Nimewaonyesha mwisho ili mjue tunakokwenda." Ningecheka, lakini nilikuwa nahangaika kuzirudisha zile kurasa. Na kila mwisho wa wiki najaza fomu ya mkuu: mwalimu wa Kemia, anautumia mwenyewe, vizuri sana.

Sasa mkuu ametangaza kwenye kikao cha walimu kwamba Jumatano wageni wa ofisi ya elimu watakuja kuangalia kipindi kimoja cha sayansi, na atakayefundisha ni mzee wetu wa Kemia, "maana kama yeye ameweza, nani atasema hawezi?" Makofi yakapigwa, mzee akaniangalia mimi, akatabasamu kama mtu asiye na wasiwasi wowote. Asichojua ni kwamba mkuu aliniita baadaye akaniambia siku hiyo nitakaa mbele, meza moja na wageni, niwaeleze maendeleo ya walimu, kwa hiyo kipanya sitaweza kukishika. Sijamwambia. Mume wangu anasema si umwambie tu, ni rahisi kwake, hakufundishwa naye. Nimefikiria kujitia mgonjwa, nimefikiria hata kuchomoa waya ubao uonekane mbovu. Anastaafu mwisho wa mwaka, Shangazi, naogopa mwalimu wangu ataondoka akichekwa. Nifanye nini?

Mshika Kipanya

*

Mshika Kipanya,

Kwanza kunywa maji, utulie. Moyo wako nauona. Uliona mwalimu wako anachekwa, mkono ukaenda wenyewe. Siku ile ya kwanza hata mimi ningebonyeza.

Lakini siku ya pili, binti yangu? Wiki tisa! Ulipewa kazi ya kumsaidia mtu ajue, wewe ukamsaidia aonekane anajua, na fomu ukazijaza bila haya. Halafu unajiambia ni heshima. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipokaa na mzee huyu, wawili tu, mkajaribu ule ubao, na sikupaona. Ulikwisha kata shauri kwamba hawezi. Yeye akakuamini, kwa sababu mtaalamu ni wewe.

Kujitia mgonjwa, sahau. Kuchomoa waya ndiyo usahau kabisa, maana wageni watarudi siku nyingine na mzee atakuwa palepale alipo.

Leo ni Ijumaa. Kabla hujafika nyumbani mtafute, umwambie Jumatano utakuwa mezani kwa wageni. Usizunguke mbuyu. Akikasirika, yameze maneno yake, unayastahili. Kesho ombeni ufunguo wa maabara, muingie wawili, mfunge mlango. Usimfundishe ubao wote, hata wewe huujui wote, usinidanganye. Mfundishe kuuwasha, kuchukua kalamu, kufuta kwa kifutio cha ubao wenyewe na dasta abaki nayo mezani kwa kumbukumbu, na kufungua ukurasa mpya. Inatosha. Mtu aliyechora chupa na mirija kwa chaki miaka yote hiyo ana mkono, basi aachane na picha zako za kurukaruka, achore mwenyewe. Mwonye asiegemeze kiganja, maana mbao nyingi za namna hiyo zikiguswa mahali pawili huchanganyikiwa, na nashuku ndicho kilichomponza siku ile mbele ya wanafunzi.

Jumatatu asubuhi nenda kwa mkuu kwa miguu yako, ukamwambie fomu zile si za kweli na kwamba mzee ndiyo kwanza anaanza. Utakaripiwa vizuri tu. Mwombe aje amwone Jumanne, ndipo aamue nani atafundisha mbele ya wageni. Siku hizo mbili mzee afundishe wanafunzi wake bila wewe kugusa chochote, kipanya kiwe kabatini. Akikwama, mwanafunzi mmoja atamwelekeza, wengine watacheka kidogo, kipindi kitaendelea. Kuchekwa kwa dakika moja na wanafunzi wanaompenda, hilo atalivumilia. Kugundua mbele ya wageni kwamba hata wewe hukumwamini, sidhani.

Na jambo la mwisho. Kile kisa cha kiberiti umekitaja mbiombio ukapita, mimi kimenisimamisha. Angeweza kukuwashia. Kwake ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na darasa lingenyamaza, na huenda leo usingekuwa mwalimu wa sayansi. Kwa hiyo kesho, kile kidole kitakapoanza kutetemeka na wewe ukatamani kuruka umsaidie, mpe kalamu, nenda kasimame dirishani, na umwambie mtangoja.