Nilimwambia Daktari Habari ni Mbaya

Mayu,

Shikamoo, mama yangu. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana ataitika nani mwingine. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mpunga hapa mashineni Kagongwa, jua linawaka, na sweta nimevua. Ungeniona ungeshangaa, maana mwaka mzima mwanao nilivaa sweta la mitumba hata mchana wa kiangazi.

Huku mengi yamebadilika. Mdogo wangu Kabula kajifungua mtoto wa kike, tumempa jina lako. Nyumba yako tumeiezeka bati jipya. Kuku wako yule jeuri bado anataga jikoni kwa jirani, na jirani bado anakana.

Lakini ninachotaka kukueleza ni habari ya shingo. Lile rovu, uvimbe ule uliokuwa ukiufunika kwa kitenge, na mimi likanijia. Dogo tu, mpaka uguse. Ilianza baridi, ukafuata uchovu. Nilikuwa napepeta mchele huku nasinzia, ungo mkononi. Sauti ikawa nzito, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Uso ulipovimba watu wakanisifia, eti biashara imenikubali. Mawifi wao walisema mvivu. Baba Shija aliporudi kutoka machimboni Nyarugusu akanikuta nimelala mchana, akafurahi akidhani nina mimba. Maskini mume wangu.

Hospitali Kahama nilienda sana. Nikapewa dawa za malaria, nikarudi nikapewa za taifodi, nikarudi tena nikaambiwa ni mawazo, nipumzike. Na kila mara nikiulizwa habari nasema nzuri, daktari akishika kalamu tu, mimi huyo, asante, nimeshanyanyuka. Hayo nimeyatoa kwako. Wewe ulisema salamu haijibiwi kwa ugonjwa. Ukiulizwa habari, kwanza nzuri, hata kama umeletwa kwa machela.

Nakumbuka siku niliyokupeleka. Daktari alikusalimia kwa Kisukuma, "Mhola?" Nawe unahema, ukamjibu, "Mhola duhu." Salama tu. Akaamini, na nani asingeamini ulivyotabasamu. Masika yaliyofuata ulilala, hukuamka. Shingo hukupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyokuchukua. Ila mimi ndiye niliyekuosha, nikaliona lile rovu bila kitenge, kubwa vile. Niliumia, Mayu. Nilikukasirikia hata.

Basi siku moja nipo kwenye foleni, nikaitazama mikono yangu. Imevimba kama yako, pete haizunguki. Nikaogopa kufa kweli, na Shija bado yuko shule ya msingi. Nilipoingia, daktari yule yule aliyekusalimia wewe, mzee wa miwani, akaniuliza, "Habari yako, mama?"

Nikasema, "Mbaya."

Akainua kichwa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwambia, "Mbaya, daktari. Na leo sinyanyuki hapa mpaka unishike shingo. Mama yangu alikufa na shingo kama hii."

Akaweka kalamu chini. Alisimama nyuma yangu, akaniwekea vidole kooni, akaniambia nimeze mate. Nikameza. Akaniambia tena. Halafu ndipo akaanza kuniuliza baridi, choo, hedhi, mambo ya kufa kwa aibu mbele ya mwanaume, nami nikayamwaga yote. Damu ikapelekwa Mwanza. Majibu yaliporudi akanieleza kuwa tezi ya shingoni imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Nililia pale kitini. Kumbe naumwa. Kumbe sikuwa mvivu. Unajua raha ya kusikia hivyo?

Sasa nameza kidonge kila asubuhi, na nitameza maisha yangu yote. Mwanzo nilikimeza kwa chai ya maziwa, kama tulivyozoea na dawa nyingine, nafuu ikawa haionekani. Sikungoja tarehe ya kliniki, nilirudi kuuliza. Kumbe kinatakiwa maji matupu, tumbo tupu, chai baadaye kabisa. Siku hizi nauliza kila kitu, kipimo kimesomaje, mbona dozi ni ile ile. Manesi wamenibandika jina, Mama Sijamaliza. Naitika.

Kabula naye nimemburuta akapimwe, maana ugonjwa huu hupita kwenye ukoo. Amelalamika njia nzima. Yuko salama. Na huyu mtoto mwenye jina lako nakuahidi nitamfundisha kupiga goti na kusalimia wakubwa kama ulivyotufundisha, ila kwa daktari atasema linalomuuma, na shingo yake nitaishika mwenyewe kila nikimwogesha.

Juzi nilikwenda kliniki. Daktari akanisalimia kwa Kisukuma, "Mhola?" Kalamu kaiweka chini kabisa, anangoja nianze.

Nikamjibu, "Mhola duhu."

Na ilikuwa kweli, Mayu. Pumzika sasa.

Mwanao,
Mbuke