Mutu asiye na uso

Kasongo, siku ya posho, Jumamosi

Jina yake sikuitaja hata mara moja, Mungu ni shahidi.

Maonyesho yangu ya kwanza, picha kumi na mbili nilizochora, mu sale ya paruasi, nyumba ya mikutano ya kanisa. Chini ya kila picha nilifunga kaye ya kuandikia na kalamu, na swali: "Wewe unaona nini?" Watu walikawia zaidi mbele ya ile niliita Upepo: mwanaume anaonekana kwa nyuma tu, ameinama na mabati ku mugongo. Uso hana.

Miaka saba baba mudogo anatuambia ni upepo ulibeba mabati ya nyumba yetu, juma ile tulikuwa kijijini Wamaza kwa kilio ya baba. Mama alienda kukata majani. Tuliezeka nayo, na jiko ya baba mudogo ikaota mabati.

Leo akafika. Akasoma kaye ya Upepo. Wengi walikuwa wameandika "mwizi", jina hakuna aliyeandika. Akanipigia kelele mbele ya wote: "Sababu gani unanichora?"

"Baba mudogo, huyu mutu hana uso. Ni wewe njo umemujua."

"Uongo mutupu! Mimi niliyabeba ku kichwa, si ku mugongo!"

Sale nzima ikamugeukia. Mama peke yake njo alicheka.

Naogopa, sitaficha. Akinilaani, ni ndugu ya baba yangu ananilaani. Lakini kesho, kabla ya misa, narudi na burashi. Nitamuwekea yale mabati ku kichwa, vile amesema mwenyewe.