Ndege ya Mabatini Kwenye Ngoma za Bulabo

Mama Dorotea, shikamoo. Nimebanwa, naomba unishike mkono kabla sikukuu ya Bulabo, mashindano yetu ya ngoma, haijafika.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mabatini, na kwa miaka minne nimeunda ndege ya mtu mmoja kwa mabomba ya alumini, turubai na injini ya pikipiki, watu walinicheka mpaka wakachoka, na mwezi uliopita kwenye malisho karibu na Bujora ikapanda, mama, ikapanda kweli, nikapita juu ya mapaa nikawaona watu wanakimbia chini wakinipungia kanga, nililia hukohuko juu, ila pua ilipozidi kuinuka petroli ikaacha kufika kwenye injini, ikazimika, nikaangukia jaruba la mpunga, gurudumu likavunjika, na walipofika wakinishangilia nikawaambia nimetua pale makusudi.

Sasa Chenge, kiongozi wa kundi letu la ngoma la Bagika, ametangaza kwa kipaza sauti kwamba siku ya Bulabo nitapita juu ya uwanja, kwa sababu wapinzani wetu Bagalu mwaka jana walituzolea watazamaji wote kwa kucheza na chatu wao, na mke wangu Kija ananitazama tu, anasema, "Baba Queen, ndege inaruka, hilo nimeliona, ila kuna kitu hujaniambia," nami nikikataa nitaitwa mwoga na mwongo, na nikiruka, ile injini naijua. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Fundi, Mabatini

Marahaba, Baba Queen. Jina nimelificha, lakini Mabatini nzima ina ndege ngapi?

Kwanza hongera! Barua yako nimeisoma nimesimama. Umeruka, mwanangu, na hilo hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa nikukaripie. Nilimpigia simu Nestory, fundi mstaafu wa ndege, akaniambia ndege za kujiundia huua zaidi katika safari zake za mwanzo, na mara nyingi ni injini kuzimika wakati wa kupanda. "Waliokufa hivyo hawakuwa wajinga," akasema. "Wengine kasoro waliijua, wakasema watairekebisha baada ya sherehe." Wewe umeonywa na tope laini. Uwanja wa Bulabo hauna tope, una watoto na mama zao, na Kija yupo katikati yao.

Leo hii, kabla hujala, mweleze Kija ukweli wote, kisha Chenge. Rekebisha njia ya petroli, umwite fundi wa ndege aikague, uombe kibali kwa wakubwa wa usafiri wa anga. Kabla ya hapo magurudumu yasiachane na ardhi.

Na Bulabo je? Mtoto wa Kisukuma, umesahau mshindi anapatikanaje? Hashindi aliyepanda juu, anashinda aliyevuta watu wengi, na watu wapo chini. Ikokoteni ndege kwa ng'ombe wanne hadi uwanjani, ifungeni kwa kamba nene kwenye magogo, wekeni uzio watu wakae mbali na pangaboi, halafu washa. Ivume! Vumbi lipande, ngoma ziitikie, kila mwenye macho akimbilie kwenu, chatu abaki amejikunja na mwenyewe.

Nakushauri haya kwa uchungu, maana ukoo wetu wote ni Bagalu, na mwaka huu tumeshashindwa.